Wasiwasi Wangu Haukai Kichwani

Swali lililoninyima usingizi Julai ile lilikuwa fupi: naumwa, au ni mimi tu?

Mtu mwingine asingehangaika nalo. Mtu akiumwa anajua kwamba anaumwa, anakunywa dawa, analala. Lakini mimi nimekuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni, na mwili wangu una tabia ya kulalamikia mambo ambayo hakuna kipimo kinachoyaona. Asubuhi ya mtihani wa darasa la saba nilitapika uji nyuma ya choo cha shule. Kidato cha nne mikono ilinitetemeka mpaka msimamizi akaniuliza kama nimekula. Chuoni, kila nilipopangiwa kusimama mbele ya wenzangu, niliamka tumbo likiwa limevurugika na moyo ukienda kama umefukuzwa. Nimepimwa malaria, taifodi, mkojo, vidonda vya tumbo. Majibu yalirudi safi kila mara, na kila mara niliona aibu kuyapokea, kama mtu aliyewasumbua watu bure.

Nyumbani kila mmoja alikuwa na neno lake kwa hali yangu. Mama alisema roho yangu haitulii. Baba alisema, "Huyu ana mawazo," akiyataja mawazo kama mtu anavyotaja minyoo. Wenzangu chuoni waliiita tumbo joto. Mimi mwenyewe nikiulizwa nilisema "sijielewi", kwa sababu ni neno linalokupa nafasi: hujakubali kwamba wewe ni mgonjwa, na hujakana. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa na neno moja tu, wasiwasi, na alilitumia kama mtu anayefunga mlango. "Wasiwasi wako huo, mama." Hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Nilihamia kwake Njombe, mtaa wa Ramadhani, baada ya kumaliza shahada ya ununuzi na ugavi na kukaa nyumbani kwetu Makambako kwa muda mrefu nikituma maombi ya kazi. Shangazi anauza sweta na makoti ya mitumba sokoni. Hutoka asubuhi mapema na kurudi jua likizama. Bibi, yaani mama yao shangazi na baba, alikuwa ameletwa kwake kutoka kijijini kwa sababu miguu ilikuwa imechoka, na alihitaji mtu wa kushinda naye. Nilikuwa na muda kuliko mtu yeyote katika ukoo. Nikapewa kitanda cha pili katika chumba cha Bibi.

Nyumba ya shangazi ilikuwa mpya. Aliijenga polepole kwa miaka, na parachichi za shamba la kijijini ndizo zilizoimaliza: tofali za kuchoma, plasta nje na ndani, dari nyeupe, vigae sakafuni, na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo yakifungwa husikii hata bodaboda ikipita barabarani. Alijivunia madirisha yale kuliko kitu kingine chochote. Mgeni akija, alimfungulia, akamfungia, akamwambia asikilize. "Upepo wa Njombe umepata kiboko yake," alisema.

Watu wa mikoa ya joto wakisikia baridi yetu hudhani tunatia chumvi. Juni na Julai nyasi huamka nyeupe, na maji ya bomba huuma meno. Kila nyumba ina namna yake ya kupambana nayo. Yetu ilikuwa jiko la mkaa. Jioni, ugali ukishaiva, shangazi aliongeza mkaa, akalitoa jiko uani penye upepo, akalisubiri. Utaalamu ulikuwa katika kusubiri. Mkaa mweusi haukuruhusiwa kuingia ndani. Ulingojewa mpaka moshi wote uishe, makaa yawe mekundu kabisa na majivu meupe yaanze kuota juu yake. Ndipo jiko lilipobebwa kwa matambara na kuwekwa chumbani kwa Bibi, juu ya kipande cha bati ili lisiunguze vigae. Mtu aliyeingiza jiko linalofuka alionekana mzembe. Jiko lisilo na moshi lilikuwa salama. Hivyo ndivyo shangazi alivyofundishwa, ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo walivyofanya majirani wote niliowajua. Kisha shangazi alikunja blanketi kuukuu, akaliziba nalo pengo chini ya mlango ili joto lisipotee, tukasali, tukalala.

Bibi aliupenda moto ule. Alikaa ukingoni mwa kitanda akanyoosha vidole, akavigeuza kama anachoma mahindi. Huzungumza Kibena zaidi. Kiswahili ni cha wauguzi na wachuuzi. Mimi ananiita "mke mwenzangu", kwa utani wa kwetu kwamba mjukuu wa kike ni mke wa babu, ingawa babu mwenyewe alifariki kabla sijazaliwa.

"Mke mwenzangu, sogeza huo moto huku. Wewe una nyama, mimi nimebaki mifupa."

"Bibi, ukisogea zaidi utaungua."

"Niungue. Angalau nitakuwa nimepata joto."

Sikuanza kuumwa ghafla. Kwanza nilikuwa naamka kichwa kizito, kama nimekifunga kitambaa na mtu amekikaza usiku. Baadaye kikaja kichefuchefu, magoti yakawa mepesi, na nikawa nakaa kitandani kwanza kabla ya kuthubutu kusimama. Kufika saa nne au saa tano, nikiwa uani nafua au nachambua maharage, hali ile ilikuwa imeondoka. Sikumwambia mtu. Nilijua jibu lake. Nami nilijipa jibu hilohilo kabla mwingine hajanipa: leo ni kwa sababu wale wa Dodoma hawajajibu barua yangu ya kazi, leo ni kwa sababu nimeota nimerudishwa kidato cha pili, leo ni kwa sababu jana nilimsalimia vibaya mwenyekiti wa mtaa. Mtu wa wasiwasi hakosi sababu. Anaamka nazo zikiwa zimejipanga foleni.

Siku moja jirani yetu, mama mmoja mcheshi anayeuza maandazi, alipita akanikuta nimeinama kwenye mfereji natema mate.

"Kamwene!" alisalimia, akanitazama juu mpaka chini. Kisha akamwita shangazi aliyekuwa bado anafunga marobota yake. "Wewe, jiandae kupokea posa! Mwenzako huku anatapika asubuhi."

"Huyu?" Shangazi alicheka mpaka akaweka robota chini. "Huyu akimwona mwanamume anavuka barabara. Huyo ni wasiwasi."

"Wasiwasi gani unaotapisha?"

"Wake. Huyu mvua ikinyesha kwa jirani, analowa yeye."

Tulicheka sote watatu. Nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli, na pia kwa sababu neno kichefuchefu kwa msichana asiyeolewa lina maana moja tu mtaani kwetu, na kati ya maana hiyo na wasiwasi, nilichagua wasiwasi.

Kilichonitoa katika hali ya kujidharau ni kwamba Bibi naye alianza. Mwanzoni alikataa chai tu. Baadaye akawa analala mpaka jua linapanda, yeye ambaye maisha yake yote ameamka kabla ya kuku. Alikuwa na namna yake ya kueleza, kwa Kibena, ambayo nikijaribu kuiweka kwa Kiswahili ni kama kusema moyo unataka kumtoka, na mwili umekuwa wa mtu mwingine. Nilimfasiria shangazi. Shangazi akasema presha. Jirani wa maandazi akasema uzee. Baba mdogo alisema kwenye simu apelekwe hospitali ya Ilembula wakampime kila kitu, kisha akasema yeye yuko safarini.

Tulimpeleka kwanza zahanati, kwa bajaji. Asubuhi ile alikuwa ameamka vibaya, lakini njiani upepo ulimpiga usoni, na pale tulikaa nje kwenye benchi kwa muda mrefu kusubiri zamu. Tulipoitwa, Bibi alikuwa amekwisha kuchangamka.

"Bibi, hujambo?" muuguzi aliuliza.

"Sijambo, mwanangu. Nyie hamjambo?"

"Hatujambo. Unajisikiaje leo?"

"Namshukuru Mungu."

"Unaumwa wapi?"

"Ah, uzee tu. Watoto wamenileta."

Presha ilikuwa nzuri kuliko yangu. Alipewa vidonge vya vitamini, akaambiwa ale matunda na anywe maji. Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakumwambia muuguzi habari za moyo unaotaka kutoka.

"Aliniuliza kama sijambo," alijibu. "Ulitaka nimjibu nini? Ndiyo kwanza tumeonana."

Hata mimi nimelelewa hivyo. Kwetu salamu hujibiwa vizuri kwanza. Ugonjwa hutajwa baadaye, watu wakishakaa, mara nyingi mgeni akiwa ameshasimama kuaga. Na pale zahanati Bibi hakuwa amekaa na muuguzi vya kutosha.

Siku chache baada ya hapo nilipigiwa simu kutoka Makambako. Kampuni moja inayonunua parachichi ilitaka kunifanyia usaili wa kazi ya msaidizi wa ghala. Nilikwenda siku moja kabla, nikalala kwa wazazi wangu.

Nyumba yetu ya Makambako ni ya zamani. Bati halijakutana vizuri na ukuta, na upepo wa kule, ambao hauna mlima wa kuuzuia, unaingia upande mmoja na kutokea wa pili bila kubisha hodi. Jikoni ni kibanda cha nje. Hakuna anayeingiza jiko chumbani, kwa kuwa mama anasema ni sawa na kupasha joto barabara. Nilijifunika mablanketi yote yaliyokuwepo na koti juu yake.

Asubuhi niliamka naogopa usaili. Nilijua nitaamka hivyo. Tumbo lilikuwa la moto, kifua kimebana, mdomo mkavu, viganja vimelowa. Nilikwenda chooni mara tatu. Mama alinisubiri mlangoni na kikombe cha chai ya rangi.

"Roho haijatulia?"

"Haijatulia, mama."

"Kunywa. Itatulia ukishafika."

Nilikuwa nimesimama pale na kikombe mkononi, natetemeka, ndipo nilipogundua kwamba kichwa hakiniumi. Kilikuwa chepesi kabisa. Kilikuwa kinafanya kazi kupita kiasi, kinaniuliza maswali ya usaili na kuyajibu vibaya, lakini hakikuwa kizito wala hakikufungwa na chochote. Magoti nayo yalikuwa na nguvu. Nilitembea mpaka kwenye ofisi zao kwa miguu.

Usaili ulikuwa na watu watatu waliovaa makoti. Sauti yangu ilitikisika kwenye jibu la kwanza, ikashika kwenye la tatu. Waliniuliza ningefanyaje mzigo ukifika na matunda ya juu ni mazuri, ya chini yamepondeka. Nilieleza. Mmoja akaandika kitu. Wakaniambia nikasubiri nje, wakaniita tena, wakasema naanza Jumatatu.

Nilikwenda stendi, nikakaa kwenye benchi kusubiri gari la Njombe, na nikasikia njaa. Wasiwasi wangu huondoka hivyo kila mara: ukishapita, unaacha njaa kali. Nilinunua mahindi ya kuchoma, nikaanza kufikiri. Nilifikiri namna ninavyofikiri mimi, kwa kuzungukazunguka, lakini safari hii nilikuwa na vitu viwili vya kulinganisha.

Wasiwasi wangu naujua. Nimeishi nao muda mrefu kuliko nilivyoishi na rafiki yeyote. Unaanzia tumboni na kupanda kifuani. Una sababu, hata ikiwa sababu ya kijinga, na sababu hutangulia. Haukai kichwani kama maumivu. Ukiondoka, nakula. Ile hali ya Njombe ilianzia kichwani na kushuka magotini. Ilinikuta nikiwa sijawaza kitu bado, macho hayajafunguka sawasawa, na ni mimi niliyekuwa nikiitafutia sababu baadaye. Ilipoondoka haikuniachia njaa, ilinichosha tu. Nilikuwa nimeviita vitu viwili kwa jina moja kwa sababu jina hilo lilikuwepo tayari, limekaa mdomoni mwa kila mtu.

Halafu kulikuwa na Bibi. Bibi haogopi kitu. Amezika mume na watoto wawili, amefukuza nguruwe pori shambani kwa mchi wa kinu. Wasiwasi wangu ungewezaje kumwingia Bibi?

Tulichokuwa nacho pamoja, yeye na mimi, bila shangazi anayelala chumba kingine, kilikuwa kile chumba, lile dirisha, na jiko.

Si kwamba sikuwahi kulifikiria jiko. Nimefikiria kila kitu. Kila msimu wa baridi redio hutaja watu waliolala na jiko wasiamke, na mimi nilikuwa nimeliogopa jiko letu tangu siku ya kwanza. Lakini nilikuwa nimeliogopa pamoja na uvimbe wa ubongo, taifodi sugu, figo, maji ya kisima, na nyaya za umeme darini. Hofu moja ya kweli ilikuwa imekaa katikati ya hofu ishirini za uongo, imevaa kama wenzake, na sikuwa na namna ya kuichomoa. Pia nilijiambia wale wa redioni waliingiza moshi. Sisi hatukuingiza moshi. Pale stendi nilisoma kwenye simu kwamba hewa inayoua haina moshi wala harufu, na kwamba mkaa mwekundu huitoa vilevile. Nilisoma dalili zake, kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, kulegea, na kupata nafuu mtu akitoka nje. Nilizisoma mara nyingi mpaka gari likajaa.

Nilifika Ramadhani Jumamosi alasiri. Bibi alikuwa barazani juani, amefunikwa mablanketi mpaka kidevuni. Shangazi alikuwa amekaa naye. Hakuwa amekwenda sokoni, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa.

"Umerudi, mama? Vipi huko?"

"Nimepata, shangazi. Naanza Jumatatu."

Alipiga kigelegele kimoja, kifupi, kisha akashusha sauti. "Bibi yako leo ametutisha. Nimemkuta chini. Ameshuka kitandani, miguu imekataa, akakaa sakafuni hawezi hata kuita. Ametapika. Tumembeba na jirani mpaka hapa nje, ndiyo akarudi kuwa mtu. Hii ni baridi imemwingia kwenye mifupa. Leo nitaongeza mkaa."

Nilikuwa nimejipanga kusema taratibu, baada ya chakula, kwa kuanzia mbali. Nilisema papo hapo.

"Shangazi, nadhani ni jiko."

"Jiko limefanya nini?"

"Ndilo linalotuumiza. Bibi na mimi. Linatoa hewa mbaya."

"Moshi?"

"Si moshi. Hewa. Haionekani."

"Mimi siingizi moshi ndani ya nyumba yangu."

"Najua, shangazi. Lakini hata bila moshi..."

Bibi alitoa mkono kwenye blanketi. "Mke mwenzangu. Nimezaliwa moto ukiwa katikati ya nyumba. Nimezalia watoto wangu pembeni ya moto. Huyu shangazi yako alikuwa mweusi kwa masizi mpaka alipobatizwa. Leo moto uje kuniua juu ya vigae?"

"Nyumba ile ilikuwa ya nyasi, Bibi. Hewa ilipita kila mahali. Hii imezibwa."

Nilijua nimekosea kabla sijamaliza. Shangazi alinyooka.

"Sasa unaisema nyumba yangu."

"Siisemi, shangazi."

"Nyumba ninayokulaza ndani yake."

"Shangazi, sina maana hiyo. Nasema dirisha linafunga vizuri mno."

"Linafunga vizuri mno," alirudia polepole, akimtazama Bibi kama shahidi. Kisha akacheka, na kicheko chake kilinifunga mdomo kuliko hasira. "Wasiwasi wako huo, mama. Umepata kazi, umekosa cha kuogopa, umekuja kuliogopa jiko langu."

Bibi naye alicheka. Nikacheka na mimi, kwa mazoea.

Niliingia ndani kupanga nguo zangu kwa ajili ya Jumatatu, nikawa nazikunja na kuzikunjua. Tuseme nimekosea. Tuseme ni presha ya kujificha, au moyo, au uzee kama alivyosema jirani. Nalitoa jiko, baridi inamshika Bibi kifuani, inakuwa nimonia, na mimi niko Makambako nahesabu kreti za parachichi. Kila mtu katika ukoo atajua nani alilitoa jiko. Na tuseme niko sahihi na nimenyamaza. Jumatatu naondoka, Bibi anabaki peke yake katika chumba kile na mkaa ulioongezwa, na mlango umezibwa kwa blanketi, na hakuna mtu kitanda cha pili wa kuamka na kichwa kizito na kumsikia akianguka. Nilifikiria kuacha mlango wazi kidogo. Bibi angeomba ufungwe, na shangazi angeufunga. Nilifikiria kumpigia baba awaambie yeye, kwa kuwa dada yake humsikiliza. Nilimpigia. Alisema, "Mwanangu, usiwe na mawazo sana, shangazi yako amemlea bibi yako vizuri." Nilifikiria kungoja Jumatatu asubuhi nimwombe muuguzi wa zahanati aje aseme yeye. Ilikuwa njia nzuri kuliko zote, isipokuwa ilikuwa na usiku wa Jumamosi na usiku wa Jumapili ndani yake.

Nilikuwa nangoja kuwa na uhakika. Hilo ndilo jambo ambalo nimelingoja maisha yangu yote kabla ya kufanya lolote, na sijawahi kulipata, hata juu ya mambo madogo kama rangi ya daftari. Nilijiuliza kama mtu asiye na wasiwasi angekuwa na uhakika hapa. Nikaona hapana. Naye angekuwa anakisia. Tofauti ni kwamba yeye angekuwa amekwisha kusimama.

Giza lilipoanza kuingia shangazi alilibeba jiko kutoka uani, jekundu, zuri, bila uzi wa moshi, akaliweka juu ya bati chumbani kwa Bibi. Lilikuwa limejaa kuliko siku zote. Alipokwenda kuchukua blanketi la mlangoni, nilichukua matambara, nikalinyanyua jiko na kutoka nalo. Tulikutana kwenye korido.

"Unakwenda wapi nalo?"

"Nalitoa."

"Rudisha."

"Hapana, shangazi. Shikamoo, lakini hapana."

Sijui kwa nini nilimwamkia. Nadhani ilikuwa njia pekee niliyoijua ya kumkatalia mtu mkubwa.

"Mama yangu akifa kwa baridi?"

"Nitalala naye kitanda kimoja. Nitachemsha maji, nitayaweka kwenye chupa, nitazifunga kwa sweta zako. Na kesho pia. Jumatatu nitawapigia simu wanaoningoja Makambako niwaombe nianze Jumatano. Bibi akiamka mgonjwa, nitawaambia watu wote kwamba ulikuwa wasiwasi wangu, na utalirudisha mwenyewe."

"Watakufukuza kabla hujaanza."

"Labda."

"Umekuwa jeuri siku hizi," alisema, lakini alikuwa amesogea kidogo ukutani, kwa sababu jiko lilikuwa la moto na korido ni nyembamba, na mimi nikapita.

Nililiweka katikati ya ua. Niliona kwamba nikiliacha vile, litarudi ndani mara nitakapofumba macho. Nilichota maji kwenye ndoo, nikayamwaga juu ya makaa. Yakalia kwa nguvu, mvuke ukapanda mpaka juu ya ukuta, na jirani wa maandazi akauliza kutoka upande wa pili kuna nini huko. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulikuwa mkaa mzuri ule," alisema.

Nilichemsha maji kwenye jiko la gesi, nikayatia kwenye chupa, nikazivisha sweta za watoto zilizokuwa juu ya robota. Moja niliiweka miguuni pa Bibi, nyingine mgongoni. Nilisukuma dirisha likafunguka upana wa kiganja, na baridi ikaingia ikinuka majani na vumbi la barabarani. Bibi alinitukana kwa Kibena, tusi la utani, la mke kwa mke mwenzake. Nikavaa sweta ya pili juu ya ya kwanza, nikapanda kitandani kwake. Miguu yake ilikuwa baridi kama chuma. Akaniambia nisogee, nimechukua blanketi lote.